Kufunga Breka Isirudishwe Fundi Akiwa Kazini: Mwongozo Kamili kwa Nyumba na Duka

Breka iliyoshushwa bila kufungwa hukaa chini mpaka atakapopita mtu wa kwanza anayetaka kuchaji simu. Hana nia mbaya. Amekuta chumba chake hakina umeme, amefungua boksi la breka, ameona moja imelala, ameipandisha. Fundi aliye juu ya ngazi chumba cha pili hakumwona wala hakumsikia.

Mafundi wanaijua hatari hii, na bado wanajikwaa palepale. Sababu wanazotoa ni tatu: "nilimwachia mlinzi maagizo", "nilibandika tepu juu ya breka", "umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima". Zote tatu zinamwachia mtu mwingine uamuzi wa kurudisha umeme. Hatua zilizo hapa chini zinauhamishia uamuzi huo mfukoni mwako, ukiwa katika umbo la ufunguo.

Tunazungumzia nyumba ya fezi moja (volti 230 Tanzania, 240 Kenya) na duka au karakana ya fezi tatu (volti 400 au 415), pamoja na jenereta, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri au sola kuwa wa nyumbani) na sola pale zilipo. Waya unaotoka nguzoni, mita na sili yake ni mali ya shirika la umeme. Ukihitaji kukata kabla ya mita, waite wenyewe. Na kazi ya kufunga nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

## Vifaa, kabla hujatoka nyumbani

Kufuli moja kwa kila fundi, yenye chuma cha kupinda cha unene wa milimita 6. Nene zaidi inaweza isipite kwenye matundu ya vifaa vya kufungia. Beba ufunguo wake mmoja tu. Ule wa akiba uache nyumbani, usimpe mwenye nyumba. Kufuli za bei ya chini zinazouzwa kwa dazeni mara nyingi hufunguana. Kabla ya kulipa, chukua ufunguo wa moja ujaribu kwenye nyingine tatu au nne. Ikifunguka hata moja, rudisha zote.

Vibana breka, angalau vinne. Hiki ni kidude kidogo cha plastiki ngumu au chuma kinachokaa juu ya kitasa cha breka na kukizuia kisipande. Viko vya namna mbili: chenye vipini viwili vinavyoingia kwenye matundu yaliyo pembeni mwa kitasa, na chenye skrubu kinachokibana kitasa chenyewe. Beba vyote, kwa sababu breka nyingi za majumbani hazina matundu.

Komeo la kufuli nyingi: bamba la chuma lenye matundu sita, kwa kazi ya mafundi zaidi ya mmoja. Fundi anayefanya kazi peke yake halihitaji.

Lebo ngumu na kalamu ya wino usiofutika. Kadi iliyokatwa kwenye boksi la viatu inafaa, mradi iwe na tundu na kamba.

Tesita ya ncha mbili inayovuta umeme kidogo yenyewe inapopima volti. Multimita ije kama msaidizi. Bisibisi yenye kitaa ibaki kwenye begi. Sababu utaiona hatua ya 7.

Klampu mita (kipimo cha ampea kinachozungushiwa waya bila kuukata), konekta za kufunika ncha za nyaya, tepu ya umeme, tochi ya kichwani, na glavu za mpira za daraja 0, ambazo hutumika hadi volti 1000. Glavu za bustani na za kufulia hazihesabiki.

## Hatua ya 1: Hesabu vyanzo vyote vya umeme

Hapa ndipo kosa kubwa huzaliwa, kwa hiyo usiende mbio. Shika karatasi, zunguka jengo zima nje na ndani, uandike kila kitu kinachoweza kuleta umeme mahali utakapogusa.

Cha kwanza ni umeme wa gridi. Uliza kama jengo lina mita moja au zaidi. Kwenye fremu za maduka ni kawaida bango la nje au taa ya ulinzi kulishwa na mita ya duka la jirani, kwa sababu siku inafungwa jirani ndiye aliyekuwa na umeme. Utazima duka zima, kisha bango likupige.

Cha pili ni jenereta. Angalia limeungwa kwa njia gani. Chenjiova (swichi ya kuchagua kati ya gridi na jenereta) ya mkono inaonekana wazi: kitasa kina pande mbili, na katikati ni sifuri. Chenjiova inayojiendesha yenyewe mara nyingi imefichwa kwenye kabati la chuma, na unaweza kupita mbele yake usijue. Halafu kuna ile njia mbaya kuliko zote, kijenereta cha kubeba kinachoingizwa nyumbani kupitia soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Ukiuona waya wa namna hiyo, mahali popote, uchukue ukae nao mpaka kazi iishe. Siku nyingine mshauri mwenyewe aukate vipande.

Cha tatu ni inveta na betri zake. Gridi ikikatika, inveta huchukua mzigo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na mara nyingi taa hata haipepesi. Mara nyingi ina boksi lake dogo la breka, tofauti na boksi kuu.

Cha nne ni paneli za sola. Jua likiwaka, nyaya zake zina umeme, hata kama inveta imezimwa.

Kuna vitu viwili watu huvihesabu kama usalama ambavyo si usalama. LUKU (mita ya kulipia kabla) iliyoishiwa hurudisha umeme mara tu mtu anapoingiza tarakimu 20 za tokeni, na anaweza kuziingiza akiwa chumbani, kama kidude cha kubonyezea kiko ndani na mita iko nguzoni. Umeme uliokatika mtaani hurudi wakati wowote bila kukuuliza. Kufanya kazi "wakati umekatika" bila kushusha na kufunga ni kucheza kamari na ratiba usiyoijua.

*Umefanikiwa ukiwa na:* karatasi yenye orodha ya vyanzo, na mbele ya kila kimoja mahali utakapokifungia. Vyanzo vitatu, sehemu tatu za kufunga. Namba zisipolingana, hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 2: Waambie watu kabla ya kuzima

Kwenye nyumba ya kupanga, mtu wa kuongea naye si mwenye nyumba peke yake. Uliza: "Umeme ukizima humu, nani huwa anakuja kuangalia boksi?" Huyo ndiye wa kwanza. Mwambie sehemu gani itazimwa, kwa muda gani, na kwamba boksi litakuwa na kufuli.

Uliza pia kama kuna friji ya dawa, mashine ya kupumulia au kompyuta inayofanya kazi. Mtu aliyeshtukizwa ndiye anayekimbilia boksi.

Kumbuka na wale wasiokuwepo sasa hivi, kama watoto watakaorudi kutoka shule saa 9, au mpangaji wa zamu ya usiku aliyelala na ataamka saa 5. Hao hawakusikia tangazo lako. Kufuli ipo kwa ajili yao.

## Hatua ya 3: Zuia vinavyojiwasha vyenyewe

Fanya hatua hii kabla hujagusa mein swichi, yaani swichi kuu ya jengo. Mpangilio una sababu yake. Chenjiova inayojiendesha haijui kwamba ni wewe uliyezima. Inachoona ni kwamba gridi imepotea, na baada ya sekunde chache inaliwasha jenereta na kurudisha umeme kwenye nyaya ulizotaka zife. Fundi anashusha mein, anapanda ngazi, na jenereta linanguruma nyuma ya nyumba.

Kwa jenereta:

1. Weka kidhibiti chake kwenye hali ya kuzimwa, si ya otomatiki.
2. Fungua waya hasi wa betri ya kuwashia, uufunike kwa tepu, uuweke mbali na nguzo ya betri. Bila betri, starta haizunguki.
3. Shusha breka ya jenereta yenyewe na uifunge.

Kwa inveta, fuata utaratibu wa mtengenezaji kama kuna karatasi yake ukutani. Kama haipo: zima inveta kwa swichi yake, shusha breka ya umeme unaotoka kwenda nyumbani, kisha ya umeme unaoingia kutoka gridi, kisha swichi ya paneli, mwisho ya betri. Funga ile inayotoka kwenda nyumbani kwa kufuli. Ukiwa unaigusa inveta yenyewe, funga zote.

Onyo: usichomoe viungio vya paneli vikiwa vinapitisha umeme. Umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche yake huwa rahisi kuzimika. Umeme wa paneli haupiti sifuri kabisa. Cheche ikianza huendelea kuwaka na kuyeyusha kiungio mkononi mwako. Zima kwa swichi ya paneli kwanza.

Pampu ya kisima na ile ya kupandisha maji kwenye tanki nazo zimo kundi hili. Pampu ikiwa imetulia kwa sababu boya limepanda, haimaanishi imezimwa. Mtu akifungua bomba jikoni, maji yanashuka, boya linashuka, kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya koili) inavuta. Kitufe cha kusimamisha nacho kinakata koili ya kontakta tu, na nyaya zinazoingia kontakta hiyo bado ni za moto. Tafuta breka ya pampu yenyewe. Kisha angalia kama koili inalishwa na breka nyingine. Kwenye paneli za pampu za fezi tatu hilo hutokea, na inabidi ufunge mbili.

## Hatua ya 4: Zima mizigo, kisha breka

Zima kwanza pasi, jiko, hita na viyoyozi, ndipo ushushe breka. Ukikata mzigo mkubwa kwa breka, cheche inaunguza midomo yake ya ndani, na siku moja itagoma kuachana ingawa kitasa kimeshuka.

Usiamini maandishi ya kwenye boksi. "Soketi sebuleni" iliandikwa na fundi wa kwanza. Wa tatu akaongeza jikoni humo humo. Washa redio kwa sauti kubwa kwenye soketi utakayofanyia kazi, au taa kama ni sakiti (njia ya nyaya inayolishwa na breka moja) ya taa, kisha shusha breka moja moja mpaka inyamaze. Hapo umeipata breka, lakini bado hujathibitisha kwamba hakuna umeme.

Breka iliyojikata yenyewe huweza kusimama katikati. Ikandamize hadi chini kabisa, vinginevyo kibana hakitakaa sawa.

Ukiwa na shaka juu ya sakiti, au boksi limechanganywa kiasi kwamba halieleweki, shusha mein swichi ya nyumba nzima na uifunge hiyo. Mein swichi ya fezi moja kwa kawaida hukata waya wa moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme) pamoja. Breka ndogo nyingi hukata waya wa moto peke yake. Wenyeji watalalamika kwa saa mbili. Waache walalamike.

## Hatua ya 5: Funga

Breka yenye matundu. Bana vipini vya kidude viingie pande zote mbili za kitasa, pitisha kufuli, funga.

Breka isiyo na matundu. Weka kidude cha skrubu juu ya kitasa, kaza mpaka kisiteleze, kisha funga kifuniko chake juu ya skrubu na upitishe kufuli hapo. Kufuli ikikaa mahali ambapo skrubu bado inafikiwa na bisibisi, umekiweka kinyume.

Mein swichi ya chuma yenye mkono pembeni. Nyingi zina tundu la kufuli kwenye mkono, ambalo limezibwa na rangi. Lisafishe kwa msumari. Kufuli inaingia bila kidude chochote.

Fyuzi za kuchomoa. Chomoa kishikio chote na ukitie mfukoni. Usikiweke juu ya boksi. Funika pengo lililobaki.

Chenjiova ya mkono. Iweke sifuri, katikati, na uifunge hapo. Ikiwa upande wa jenereta, mtu anaweza kuvuta kamba ya jenereta akiamini anakusaidia.

Kifaa cha plagi. Chomoa plagi na uiweke pale unapoiona muda wote wa kazi. Ikiwa iko nyuma ya ukuta au chumba kingine, ifunike kwa kopo au boksi dogo lenye kufuli.

Breka ambayo hakuna kidude kinachoikaa. Shusha na ufunge mein swichi, pima kwa utaratibu wa hatua ya 7, kisha fungua waya unaotoka kwenye breka hiyo, uutie kwenye konekta, ufunike kwa tepu na uusogeze pembeni. Hapo ndipo unapoweza kurudisha mein kwa ajili ya nyumba iliyobaki, ukiwa umerudisha kifuniko cha boksi kwanza. Sasa hata breka ikipandishwa, haifiki kokote.

Tepu peke yake juu ya breka hatuikubali. Baadhi ya mafundi huitetea kwa hoja kwamba inamkumbusha mtu. Kweli inamkumbusha anayejua maana yake. Mtoto wa miaka 12 anaibandua kwa ukucha.

Mkiwa wawili au zaidi, weka komeo la kufuli nyingi, na kila mmoja atie kufuli yake mwenyewe. Kufuli moja ya msimamizi haitoshi, kwa sababu msimamizi anaweza kuamini kazi imeisha wakati wewe bado uko darini.

*Umefanikiwa hivi:* shika kitasa kwa kidole gumba na ujaribu kukipandisha kwa nguvu, kama mtu mwenye hasira angefanya. Kikitikisika bila kupanda, ni sawa. Kikipanda hata nusu, badilisha kidude. Kisha tia ufunguo kwenye mfuko wenye zipu. Usimpe mlinzi, na usiuache ukining'inia kwenye kufuli.

## Hatua ya 6: Ning'iniza lebo

Lebo haizuii chochote, inaeleza tu. Kufuli isiyo na maelezo huwa inatafutiwa msumeno. Andika:

> USIWASHE. FUNDI YUKO KAZINI.
> Sakiti: soketi za jikoni
> Jina na simu ya fundi
> Tarehe na saa ya kuanza

Ifunge kwenye kufuli yenyewe. Ukiitundika kwenye mlango wa boksi, mlango ukifunguliwa inageukia ukutani na hakuna anayeisoma.

## Hatua ya 7: Pima kwamba umekufa

Umeshusha, umefunga, umeandika. Bado inawezekana umefunga breka isiyo yake. Pima kwa mtindo huu kila mara: jaribu, pima, jaribu tena.

1. Jaribu tesita mahali unapojua pana umeme, kama soketi ya sakiti nyingine. Lazima ionyeshe volti. Ukiwa umezima nyumba nzima, pima upande wa kuingilia wa mein swichi, ambao bado ni wa moto, ukiwa umevaa glavu.
2. Pima mahali utakapofanya kazi: waya wa moto na nyutro, waya wa moto na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Kwa fezi tatu vipimo ni 10: fezi kwa fezi mara tatu, kila fezi kwa nyutro mara tatu, kila fezi kwa ethi mara tatu, na nyutro kwa ethi mara moja.
3. Rudi ukaijaribu tesita palepale pa kwanza.

Safari ya tatu ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Betri ya tesita inaweza kufa, au waya wake kukatika ndani ya ala, katikati ya kipimo. Tesita iliyokufa na waya uliokufa husoma sawasawa.

Kuhusu bisibisi ya kitaa. Kitaa chake huwaka kwa umeme mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukisimama kwenye ngazi ya mbao umevaa viatu vya mpira, kinaweza kisiwake ingawa waya ni wa moto. Kwenye mwanga wa jua hukioni. Hakikuambii chochote cha maana kuhusu nyutro.

Kuhusu multimita. Ukipima waya mrefu uliokufa, unaolala sambamba na waya wenye umeme, inaweza kuonyesha volti 40 au 70 za mzimu. Multimita haivuti karibu chochote, kwa hiyo hata umeme wa kuambukizwa unaisogeza. Pima tena kwa tesita ya ncha mbili. Mzimu hupotea mara moja, umeme wa kweli hubaki. Ukibaki, hata kama ni kidogo, simama na utafute unakotoka.

Kuhusu globu ya majaribio, ile yenye nyaya mbili zinazoning'inia. Kwenye fezi tatu, ukiigusisha kati ya fezi mbili inapokea volti 400 na inaweza kukupasukia usoni. Iache.

Rangi za nyaya zisikupe uhakika. Nyumba za zamani zina mfumo wa nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro. Mfumo mpya ni kahawia kwa waya wa moto na bluu kwa nyutro. Balaa liko kwenye fezi tatu: bluu ya zamani ni fezi na bluu mpya ni nyutro, nyeusi ya zamani ni nyutro na nyeusi mpya ni fezi. Jengo lililoongezewa vyumba lina mifumo yote miwili ndani ya boksi moja.

Nyutro ya kuazima. Huu ndio mtego unaowapata hata waliofunga vizuri. Chukua taa ya ngazini yenye swichi mbili, chini na juu. Waya wa moto umetoka sakiti ya taa za chini, lakini fundi aliona nyutro ya ghorofani iko karibu, akaunga hapo. Sasa umefunga sakiti ya ghorofani. Unapima: moto sifuri, nyutro kwa ethi karibu sifuri. Kila kitu kimekufa. Unafungua nyutro kwenye kiungio, na pale pale upande mmoja wake unapanda hadi volti 230, kwa kuwa taa ya ngazi imewashwa na umeme unatafuta njia ya kurudi. Njia hiyo ni mkono wako.

Kabla ya kuachanisha nyutro yoyote, izungushie klampu mita. Ikionyesha hata sehemu ndogo ya ampea wakati sakiti imefungwa, nyutro hiyo inabeba mzigo wa sakiti nyingine. Usiifungue; rudi hatua ya 4 na uzime mein. Isomapo sifuri, bado kuna uwezekano taa yenyewe imezimwa tu, kwa hiyo ukishaiachanisha shika kwa koleo lenye mpira na upime ncha zote mbili upya.

Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji). Inveta, vidhibiti vya pampu na mota za viyoyozi huhifadhi chaji. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifaa. Pasipoandikwa, subiri dakika 5 na upime kabla ya kugusa.

Na swichi yenye RCD ya miliampea 30 isikupumbaze. Inahisi umeme unaovujia ardhini. Ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwake wewe ni sawa na globu.

## Hatua ya 8: Wakati wa kazi

Ukitoka kwenda kula au kununua vifaa, ukirudi pima tena kabla ya kugusa. Kufuli ikaguliwe, lebo isomwe.

Zamu ikibadilika, fundi anayeingia atie kufuli yake kwanza, ndipo anayetoka aondoe ya kwake. Pasiwe na dakika hata moja breka ikiwa wazi.

Kufuli huondolewa na mwenyewe. Ikitokea ameondoka na ufunguo, apigiwe simu na yeye mwenyewe athibitishe kwamba hayumo jengoni na vifaa vyake haviko kwenye nyaya. Kisha watu wawili wakague mahali pa kazi kwa macho, ndipo kufuli ikatwe. Asipopatikana, breka ibaki chini.

Mfanye kazi wawili panapowezekana, na wa pili ajue mein swichi iko wapi. Mtu akinaswa, zima kwanza. Usimshike kwa mikono mitupu. Akiwa hapumui kawaida na haitiki, kandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Zimamoto na uokoaji Tanzania ni 114.

## Hatua ya 9: Kurudisha umeme

1. Hesabu zana. Koleo lililosahaulika ndani ya boksi ni shoti inayosubiri.
2. Rudisha vifuniko vyote. Pasiwe na ncha ya waya iliyo wazi.
3. Kama umebadilisha nyaya, pima insuleshoni (ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) kwa mega, kipimo chake, cha volti 500, baada ya kutenga vifaa vya kielektroniki. Chini ya megaomu 1, usiwashe, tafuta tatizo.
4. Ita majina ya kila aliyekuwa kazini, na kila mmoja aitikie ukimwona. "Nadhani ameshatoka" haihesabiki.
5. Kila fundi atoe kufuli yake.
6. Waambie wenyeji umeme unarudi, pasi na jiko vizimwe.
7. Pandisha mein, kisha breka moja moja, ukiacha sekunde kadhaa kati yake. Breka ikijikata, usiirudishe mara ya pili kabla ya kujua kwa nini.
8. Inveta: betri kwanza, kisha paneli, umeme unaoingia, mwisho unaotoka.
9. Jenereta liwe la mwisho kabisa. Funga waya hasi wa betri, pandisha breka yake, rudisha kidhibiti kwenye otomatiki, kisha zima mein kwa muda mfupi uone kama linawaka na kuchukua mzigo. Hili husahauliwa sana, na mwenye bucha hugundua siku umeme unapokatika usiku.

Kabla ya kufunga boksi, futa yale maandishi ya uongo uliyoyakuta na uandike breka ipi inalisha nini hasa. Ukigundua nyutro ya kuazima na hukuirekebisha, iandike hapohapo kwa herufi kubwa, pamoja na namba za sakiti mbili zinazohusika.